RISALA YA UMOJA WA WENYE NYUMBA KWA MGENI RASMI, ARUSHA

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa kata na mtaa, wazee wetu, mabibi na mabwana,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa uhai, na wewe kwa kuitikia mwaliko wetu licha ya majukumu mazito. Karibu sana.

Umoja wetu ulianza kama kikundi cha kuzikana. Leo una katiba, akaunti ya benki na viti vya plastiki vinavyokodiwa hadi kata jirani. Tumezibua mfereji wa mvua na kufunga taa mbili za barabarani, mafanikio yaliyobadili kabisa sura ya Jiji.

Mheshimiwa, changamoto ni nyingi ila ombi ni moja: mpango kina wa mtaa wetu, yaani ramani inayopanga nini kijengwe wapi, upitiwe upya, turuhusiwe majengo ya sakafu nne, ya chini ikiwemo. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inaitambua halmashauri kuwa mamlaka ya upangaji. Kiwanja chetu cha kawaida ni mita 20 kwa 20. Nusu ya eneo lake ikijengwa, sakafu nne ni mita za mraba 800. Ondoa asilimia 20 ya ngazi na korido, unapata nyumba kumi za mita 64.

Hatuombi urefu mtupu. Nyumba kumi ni watu kama 50, na kwa lita 80 kila mmoja ni lita 4,000 za majitaka kwa siku. Ua uliobaki hauwezi kunyonya kiasi hicho. Shimo hujaa, likatapika kwa jirani. Bomba la majitaka litangulie, kibali kifuate. Kuhusu maegesho, gari moja linataka mita 2.5 kwa 5, na nafasi ya kugeuzia karibu sawa na hiyo. Mkidai gari moja kwa kila nyumba, ua wote umekwisha na hautoshi. Gari moja kwa nyumba mbili linatosha, daladala ziko mlangoni.

Kuta zikiachiana mita tatu tu, vyumba vya chini huwasha taa saa sita mchana. Dawa ni majirani kuunganisha viwanja: ngazi moja, lango moja, mwanga unaingia. Wazee wanaohofia hati wakumbushwe kuwa sheria ya 2008 inaruhusu kila sehemu ya jengo kuwa na hati yake. Sasa hivi kila mtu anahangaika peke yake kuomba mabadiliko, na anayefanikiwa anachomoza ghorofa katikati ya mabati.

Mheshimiwa, ombi hili si geni kwa kiti ulichokalia. Mgeni rasmi aliyepita aliahidi wapimaji “wiki ijayo”. Vigingi tulivyowanunulia vimeliwa na mchwa. Aliyemtangulia alipokea faili letu kwa mikono miwili, na hadi leo analo yeye. Hatulaumu, tunakumbusha tu.

Safari hii nakala ziko tatu, moja inabaki kwetu. Tunaomba, kabla ya chakula, ututajie afisa atakayelipokea na tarehe ya kuja kupima. Katibu ameshafungua daftari.

Tunaomba kuwasilisha.