Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu;
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule;
Mheshimiwa Diwani;
Mwenyekiti wa Serikali ya Kijiji;
Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na walezi;
Wahitimu na wanafunzi wenzetu;

Shikamooni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kukubali mwaliko na kuja kwetu msimu huu wa korosho, wakati kila kiongozi wa mkoa huu ana simu ya mnada sikioni. Karibu sana chini ya uwanda wa Rondo, hapa Lindi. Wahitimu wamekwisha kusoma risala yao, wameomba bweni na wameomba maji, nasi tunawaunga mkono kwa yote. Sisi wa Klabu ya Mazingira tumepewa nafasi fupi, na tumeamua kuitumia kuzungumzia jambo moja tu: maua ya okidi yanayoota juu ya miti ya Rondo, na miti mizee inayoyabeba.

Uwanda wa Rondo haufiki mbali, ni karibu mita 900 tu kutoka usawa wa bahari. Wenzetu wa Mbeya na Morogoro wakisikia tunauita mlima watatucheka, na waache wacheke. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi ukikutana na kingo zake huacha mvua na ukungu ambao bonde la Lukuledi haliupati. Ndiyo maana huku juu kuna msitu, na humo mna viumbe ambavyo wageni huvifuata kwa ndege kutoka ng'ambo. Yumo komba mdogo wa Rondo, mwenye uzito wa takriban gramu 60, anayejulikana Tanzania tu, tena katika misitu michache ya pwani. Sehemu ya msitu huo leo ni Hifadhi ya Mazingira Asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Komba amepata umaarufu wake, na tunafurahi. Okidi bado hazina msemaji, kwa hiyo leo tumejiteua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, okidi inayofahamika zaidi katika misitu yetu ya pwani ni ile ya maua ya manjano yenye madoa ya kahawia kama ngozi ya chui. Wataalamu huiita Ansellia africana. Hukaa juu kwenye panda la mti mkubwa, na mizizi yake mingine haielekei chini bali husimama wima kama sindano, ikifanya tenga la kudaka majani makavu yanayoanguka. Majani hayo yakioza ndiyo mbolea yake. Haigusi hata tone la maji ya mti ulioibeba. Tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu wazazi wetu wengi huichanganya na ule mmea wa kunyonya unaoota kwenye mikorosho na kuidhoofisha. Mmea wa kunyonya unastahili panga. Okidi hukwanguliwa kwa panga lilelile bila kosa lolote.

Mwalimu wetu mlezi alituonyesha jambo ambalo kila mwanachama mpya sasa hulifanya siku ya kwanza. Chukua mzizi wa okidi unaoning'inia hewani. Ukiwa mkavu ni mweupe kama chokaa. Unyunyizie maji, na kabla hujamaliza kuhesabu kumi umegeuka kijani mkononi mwako. Ile ngozi nyeupe ni kama sifongo: hufyonza maji ya mvua na ya ukungu haraka, kisha rangi ya kijani iliyo ndani huonekana. Mmea huu umejifunza kunywa pasipo udongo. Lakini haukujifunza kuishi pasipo mti.

Hapo ndipo penye hoja yetu. Mbegu ya okidi ni vumbi. Tunda moja hubeba maelfu kwa maelfu ya mbegu, na hakuna hata moja iliyofungiwa chakula cha safari kama ilivyo kwa mbegu ya ufuta au ya mahindi. Ili iote lazima itue mahali penye kuvu wa aina inayoifaa, nao wailishe mpaka ipate majani yake. Mahali pa namna hiyo ni gome la mti mzee: lenye mikunjo, lenye unyevu, lenye ukungu wa miaka. Kisha huchukua miaka kabla ya kutoa ua la kwanza. Kwa hiyo, Mheshimiwa, tukikata mvule mmoja uliokuwepo kabla ya babu zetu na kupanda miche mia moja mahali pake, takwimu za upandaji miti zitapanda na okidi zitakuwa zimekwisha. Tunaomba radhi kusema hivi mbele ya kiongozi anayesimamia kampeni za upandaji miti. Miche tunaipanda na tutaendelea kuipanda. Tunachosema ni kwamba haijazi pengo hilo.

Wazee wetu husimulia magogo ya mvule yaliyoteremshwa kutoka Rondo enzi za ukoloni kwenda kupasuliwa mbao. Miaka ya 1934 na 1935 Mjerumani mmoja, Schlieben, alikusanya mimea ya Lutamba na ya uwanda huu, na sampuli zikapelekwa Berlin. Machi 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, hazina ile ya mimea iliyokaushwa ikapigwa mabomu na sehemu yake kubwa ikateketea. Baadhi ya sampuli zilisalimika kwa sababu nakala zake zilikuwa katika miji mingine. Lakini fikiri: mtu akitaka leo kukusanya upya kilichoungua kule, atakuja wapi kama si hapa?

Nchi yetu si ngeni katika kulinda maua. Mwaka 2005 Serikali ilitangaza Kitulo kuwa Hifadhi ya Taifa, na ni hifadhi ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kutangazwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Kule okidi huota ardhini, kwenye nyasi za milima mirefu, na adui yake ni jembe: viazi vyake huchimbwa na kusafirishwa hadi Zambia, ambako hupikwa kuwa chakula kiitwacho chikanda. Zetu hakuna anayezila. Pengine ndiyo sababu hakuna anayezitazama. Biashara yake hata hivyo si ruhusa holela. Okidi za mwituni zimo katika CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, ambao Tanzania ni mwanachama, kwa hiyo mgeni yeyote anayewapa vijana wetu shilingi elfu mbili wapande juu wamshushie maua apeleke nje ya nchi anapaswa kuulizwa kibali.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto zipo na unazifahamu: moto kichaa kila Agosti na Septemba, mkaa, mbao za usiku. Iliyo nzito kuliko zote ni ufuta. Ufuta hupenda shamba jipya, na shamba jipya huku maana yake ni msitu kuanguka. Hatuwezi kusimama hapa kuwalaani wakulima wa ufuta, kwa sababu sare tulizovaa na madaftari tuliyoandikia risala hii yametokana na ufuta na korosho. Tunachoomba ni mkulima aelekezwe namna ya kulitumia shamba lilelile kwa misimu mingi, na bwana shamba aonekane mashambani kwa wakulima, asionekane ghalani tu siku za mnada.

Klabu yetu haiingii kwenye hifadhi kung'oa chochote. Kazi yetu iko nje ya mipaka. Miti mikubwa ya kando ya barabara ilipokatwa kupisha nguzo za umeme, tuliokota okidi zilizoanguka nayo, tukazifunga kwa kamba za katani kwenye miembe iliyo nyuma ya bwalo. Baadhi zilikauka. Zilizofungwa upande unaopata jua la asubuhi zimeshika, na mizizi yake sasa imelikumbatia gome kiasi kwamba tumekata kamba. Wanafunzi wa Kidato cha Pili huandika kwenye daftari la klabu kila chipukizi na kila ua, na mwalimu wa Biolojia amelifanya daftari hilo kuwa somo.

Kwa heshima na taadhima tunaleta maombi yetu.

Kwanza, mpaka wa hifadhi upande wa kijiji chetu usafishwe, na bikoni zipakwe rangi nyeupe. Baadhi zimefunikwa na vichaka, na mtu akiulizwa kwa nini amevuka hujibu kwamba hakuiona. Wakati mwingine anasema kweli.

Pili, kila mkandarasi wa barabara au umeme anapopewa kazi katika tarafa hii, ofisi yako itoe taarifa shuleni kabla msumeno haujawashwa. Hatuombi kuzuia umeme, hata sisi tunausubiri bwenini. Tunaomba kuwahi maua tu.

Tatu, miche inayogawiwa na Halmashauri iwe pia ya miti ya asili ya Rondo, mvule ukiwemo.

Nne, tunaomba darubini. Moja ikipatikana itatosha. Okidi nyingi ziko juu sana, na kwa sasa kijana wetu mwenye macho makali ndiye darubini ya klabu, naye anahitimu leo.

Tano, na hili tunajua ni kubwa, tunaomba usafiri wa kuipeleka klabu Kitulo kipindi cha mvua, maua yanapokuwa wazi. Lami ya Masasi, Tunduru na Songea ipo, chakula tutachangishana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ukimaliza kugawa vyeti na kabla ya chakula, tunaomba dakika chache ufike nyuma ya bwalo. Katibu wa klabu atakuwa hapo na kopo la maji, na mzizi wa kujaribia tumekwisha kuuchagua.

Tunaomba kuwasilisha.

Imeandaliwa na kusomwa kwa niaba ya wanachama wa Klabu ya Mazingira.