Malalamiko: Fulu Waliokufa na Tangi Linalovuja Baada ya Kuhamishwa kutoka Kisumu hadi Nakuru

Mteja wenu,
Milimani, Nakuru.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja.

Bwana/Bibi,

MINT: SAMAKI KUFA NA TANGI KUHARIBIKA

Kampuni yenu ilinihamishia tangi na samaki wangu kutoka Kisumu hadi Nakuru. Nilipolalamika kwamba wamekufa, mlinijibu kwa simu kwamba samaki "walichoshwa na safari" na kwamba kampuni haihusiki. Sikubaliani na jibu hilo, na sababu ninaziweka kwa maandishi.

Fulu wote 14 (samaki wadogo wa Ziwa Victoria) walifika Nakuru wakiwa hai. Msimamizi wenu aliwahesabu na kutia sahihi kwenye hati ya kukabidhi mizigo. Samaki anayeuawa na safari mara nyingi hufa njiani au muda mfupi baada ya kufika. Hawa walianza kufa siku ya tatu, wakitweta juu ya maji, matamvua yamewiva wekundu, ilhali maji yenyewe yalikuwa maangavu. Kipimo cha matone kilionyesha amonia miligramu 4 kwa lita. Katika tangi lililokomaa kinatakiwa kisome sufuri.

Amonia hutoka kwa samaki wenyewe, hasa kupitia matamvua, na kwenye kinyesi na chakula kinachooza. Wanaoiondoa ni bakteria waliojishika kwenye sponji na pete za kauri ndani ya filta, na kwenye changarawe. Kundi moja huigeuza kuwa nitriti, jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo sumu yake ni ndogo mno. Ndani ya maji yenyewe bakteria hao ni wachache sana, kwa hiyo zile ndoo za maji ya zamani ambazo vijana wenu walizisafirisha kwa uangalifu mkubwa hazikuokoa chochote. Cha kuokolewa kilikuwa filta.

Na filta ndiyo waliyoiua. Sponji walizisuuza chini ya mfereji kule Kisumu hadi zikawa nyeupe, nadhani kwa nia ya usafi, na klorini ikafanya kazi yake. Pete za kauri waliziacha ndani ya kopo la filta, maji yamo, vali zote zimefungwa, tangu asubuhi hadi usiku. Bakteria hawa wanahitaji oksijeni, na kopo lililofungwa huishiwa nayo katika muda wa saa chache. Lilipofunguliwa Nakuru lilinuka yai viza. Kisha uozo huo ukaunganishwa kwenye tangi na umeme ukawashwa. Kutoka hapo, kukuza bakteria upya huchukua wiki 4 hadi 6, na samaki hawana subira hiyo. Fulu huishi kwenye maji ya pH (kipimo cha uchachu wa maji) 8 hivi, na katika pH hiyo sehemu ya amonia iliyo sumu ni karibu mara kumi ya ilivyo katika pH 7.

Haya hayakuwa siri. Kwenye fomu yenu ya kuagiza kazi, sehemu ya maelekezo maalumu, iliandikwa: sponji na pete zitolewe, ziwekwe kwenye ndoo pana zikifunikwa kidogo tu na maji ya tangi, kifuniko kilegezwe, pampu ya hewa ya betri iwe ndani, na filta iwashwe mara tu tangi linapojazwa upande wa pili, kabla ya kupanga mawe. Mlitia alama ya kukubali na mkatoza shilingi 15,000 kwa "huduma ya samaki", mbali na nauli ya pikapu.

Kuhusu ufungaji, samaki walitiwa wanne au watano kwa kila mfuko (tena ya aina iliyopigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017), maji yamejaa karibu na shingo. Mfuko hutakiwa kuwa theluthi moja maji na theluthi mbili hewa, na fulu dume hufungwa peke yake kwa sababu atapigana hata akiwa ndani ya mfuko. Mmoja wa majike alikuwa ameatamia mayai mdomoni, kidevu kimeshuka wazi, na fomu iliomba ndoo yake pekee. Alichanganywa na madume wawili. Mayai, punje za manjano, yalikutwa yametawanyika chini ya mfuko.

Mizigo ilipita Kericho na Mau Summit usiku kwenye pikapu iliyofunikwa turubai tu. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari. Mau Summit ni zaidi ya mita 2,000, na baridi yake mnaijua. Maji yaliyotoka yakiwa nyuzi 27 yalifika yakiwa 19. Yale masanduku meupe ya foma wanayobebea samaki wa barafu yangetosha kuzuia hilo, na Kisumu hayakosekani. Baridi haikuwaua, ila iliwafikisha wakiwa dhaifu. Kisha maji ya mifuko yakamiminwa tangini pamoja na samaki, badala ya kuwatoa kwa wavu na kuyamwaga yale.

Sasa tangi. Lina sentimita 120 kwa 40, kimo 50. Lilibebwa likiwa na maji ya kina cha sentimita 10, yaani lita 48, juu ya changarawe kilo 30. Karibu kilo 80 zilining'inia kwenye kioo cha chini huku watu wawili wakiinua kwa kushika ukingo wa juu. Mshono wa silikoni hauundwi kwa mzigo wa namna hiyo. Tangi huinuliwa tupu, kwa kushikwa chini. Upande wa pili liliwekwa juu ya meza bila shuka ya foma na bila pima maji, na meza imeinama milimita 6 kuelekea ukutani. Kona ya nyuma kushoto inadondosha tone baada ya tone, na mbao ya meza imeanza kufura.

Nadai yafuatayo: shilingi 15,000 zirudishwe zote, shilingi 9,500 za fundi wa kuondoa silikoni ya zamani na kuziba upya mishono yote, kwa kuwa kuziba kona moja juu ya silikoni iliyochoka hakushiki, na fidia ya fulu 11 waliokufa. Hawa hawauzwi kila duka kama samaki wa dhahabu, kwa hiyo niko tayari tukubaliane bei kwa mazungumzo.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya huduma ya ubora unaofaa na ya kufidiwa hasara itokanayo na kasoro. Nisipopata jibu la maandishi katika siku 14, nitapeleka dai hili Mahakama ya Madai Madogo.

Nimeambatisha nakala ya fomu, hati ya makabidhiano yenye sahihi, picha za vipimo vya maji na makadirio ya fundi. Kopo la filta na pete zake sijaliosha. Mtu wenu anaweza kuja kulikagua siku yoyote ya kazi.

Wako mwaminifu,
Mteja, Milimani, Nakuru