Mkono wa Mtume ndani ya rundo la nafaka

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonikaa moyoni kila unapoandama mwezi wa Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Mitaa ya kwetu Magomeni hupambwa, Barzanji, kitabu cha Maulidi, husomwa, watu husimama kwa kiyamu, watoto wa madrasa huimba kaswida, na wahadhiri hutusimulia uzawa wa Mtume Muhammad (S.A.W.), uyatima wake, Hijra yake na vita vyake. Sina ugomvi na hayo, wala sikusudii kuufufua mjadala kati ya wanaosoma Maulidi na wasiosoma, ambao umekwisha kutupotezea muda mwingi. Ninalolalamikia ni kwamba katika masimulizi yote hayo habari za sokoni hupitwa mbiombio, ilhali mtu huyu alikuwa mfanyabiashara kabla hajawa Mtume, na jina la Al-Amin, yaani Mwaminifu, alipewa na watu wa Makka wakati hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba siku moja atapewa wahyi.

Bi Khadija binti Khuwaylid, aliyekuwa mwenye mali na misafara, alimkabidhi bidhaa azipeleke Sham (upande wa Syria) kwa sababu ya sifa hiyo, akampa na mtumishi wake Maysara wafuatane, na ndoa yao ilikuja baada ya safari hiyo, Mtume akiwa na umri wa miaka 25. Hata kabla ya hapo, akiwa kijana wa miaka kama 20, alihudhuria kiapo cha Hilf al-Fudul katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an. Kiapo hicho kilitokana na deni tu: mgeni kutoka Zabid, Yemen, aliuza bidhaa zake kwa mkubwa mmoja wa Makka, mkubwa akachukua mzigo na kukataa kulipa, na mgeni hakuwa na ukoo wa kumtetea mjini. Wazee wakaapa kusimama na aliyedhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni. Miaka mingi baadaye, akiwa Mtume tayari, alisema kwamba lau angeitwa kwenye kiapo kama kile katika Uislamu angeitikia.

Lakini kisa ambacho ningependa kila mwenye duka akijue kwa moyo ni cha soko la Madina. Mtume (S.A.W.) alipita penye rundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, na vidole vyake vikagusa unyevu. Akamuuliza mwenye nafaka kulikoni, naye akajibu kwamba ilinyeshewa na mvua. Mtume akamwambia kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu watu waione, kisha akasema kwamba mwenye kughushi si miongoni mwake. (Neno letu ghushi linatokana na neno lile lile la Kiarabu, ingawa siku hizi tunalisikia zaidi kwenye habari za vyeti na noti.) Angalieni kwamba hakumkatalia kuhusu mvua. Huenda mvua ilinyesha kweli, na mvua haina mwenyewe. Kosa lilikuwa ni kuupanga mzigo ili mnunuzi asiione.

Mwaka jana, siku chache kabla ya Ramadhani, nilinunua mchele katika soko moja la hapa jijini. Juu ya kiroba mchele ulikuwa mzuri, mrefu na unanukia. Chini ulikuwa chenga tupu zilizochanganyika na mawe madogo, na nilipoupima nyumbani ulipungua karibu robo tatu ya kilo. Nilirudi. Muuzaji, kijana mwenye adabu sana na kofia safi, aliyekuwa akisikiliza kaswida dukani, aliniambia, "Mzee wangu, mzigo ulikuja hivyo hivyo kutoka shamba." Sikutaka kubishana naye mbele ya wateja wake, nikaondoka. Njiani ndipo nilipotambua kwamba jibu lake ni lile lile la mwenye nafaka wa Madina, isipokuwa mvua imegeuka kuwa shamba.

Kurani ina sura nzima iliyopewa jina kwa watu wa namna hii, Al-Mutaffifin, na aya zake za mwanzo zinawalaani wapunjao: wakijipimia kwa watu hutaka kipimo kitimie, na wakiwapimia wengine hupunguza. Sijui kama kuna maelezo mafupi ya lumbesa yanayoizidi aya hiyo. Mkulima wa viazi anaporundikiwa gunia likafunikwa kichwa kwa kamba na nyavu, analipwa gunia moja huku mnunuzi akiondoka na gunia na nusu. Viazi vile vile vikifika Dar es Salaam huuzwa kwa sado iliyobonyezwa tako au kwa fungu lililopangwa likiwa na uwazi katikati. Yaani mzigo mmoja unapunja mara mbili, wakati wa kununua na wakati wa kuuza. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa na maofisa wa Wakala wa Vipimo hupita na mizani yao, lakini ofisa hawezi kukaa kwenye kila genge.

Kuna pia wale wanaowahi malori njiani kabla hayajafika sokoni, wakamwambia mkulima kwamba bei imeanguka, wakanunua kwa hasara yake. Mtume alikataza jambo hili waziwazi: misafara isilakiwe nje ya mji, iachwe ifike sokoni, mwenye mali ajionee bei mwenyewe. Alikataza vilevile mtu kujifanya mteja ili kupandisha bei, na kuficha chakula ili kiadimike. Hata hivyo, bei zilipopanda Madina na watu wakamwomba azipange yeye, alikataa, akisema kwamba mpangaji wa bei ni Mwenyezi Mungu na kwamba anatumaini kukutana na Mola wake bila mtu yeyote kumdai dhuluma ya damu wala mali. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaodhani kumtetea mnunuzi ni kumchukia mfanyabiashara. Faida hakuikataza; alichokiandama ni udanganyifu na unyonyaji.

Na yeye mwenyewe alikuwa chini ya kanuni zile zile. Alipohama Makka mwaka 622, watu waliokuwa wakipanga kumwua walikuwa bado na amana zao nyumbani kwake, akamwacha binamu yake Ali nyuma azirudishe kwa wenyewe. Alipofariki mwaka 632, akiwa na mamlaka juu ya sehemu kubwa ya Bara Arabu, deraya yake, yaani vazi lake la chuma la vita, ilikuwa rehani kwa Myahudi mmoja kwa pishi 30 za shayiri alizochukua kwa ajili ya ahali yake. Angeweza kuagiza shayiri iletwe, na nani angethubutu kudai?

Ombi langu kwa makhatibu ni dogo. Hotuba moja tu ya Ijumaa, kabla ya Ramadhani, wakati tende, tambi na mihogo vinapoanza kupanda bei, iwe juu ya rundo lile la nafaka. Na kamati za misikiti iliyo karibu na masoko ziweke mizani moja iliyohakikiwa mlangoni, ili anayetoka kununua apime mzigo wake bila malipo, Mwislamu na asiye Mwislamu. Kamati ya msikiti ninaposwali nimeshaieleza, nayo imenituma nikaulizie bei ya mizani ya kilo 50.

Msomaji wako,
Magomeni, Dar es Salaam