Masharti ya chama si siri ya bodi

Mhariri,

Chama chetu cha akiba na mikopo hakijakopesha kwa miezi minne sasa. Muda wa mwenyekiti umekwisha, makamu anadai kiti ni chake, na bodi imejiongezea mwaka mmoja kwa kikao cha watu watano. Masharti yenyewe, yaani kanuni za kuendesha chama, yamefungiwa kabatini! Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 iko wazi: mkutano mkuu ndio wenye kauli ya mwisho, na mabadiliko ya masharti hayana nguvu mpaka Mrajis, yaani msajili wa vyama vya ushirika, ayasajili. Mama lishe anayeweka elfu tano kila wiki, tena kwa jasho, ana haki ya kuyasoma. Namwomba afisa ushirika wa wilaya atusaidie kuitisha mkutano kabla shule hazijafunguliwa. Wengi tulitegemea mkopo wa ada.

Mwanachama,
Morogoro