Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TPHPA: chumba kikiwa na sumu, mpangaji aende wapi?

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, Arusha.

Naandika kuhusu dawa ya kunguni, ile inayouzwa mitaani kwenye chupa ya maji isiyo na lebo. Sisi wapangaji tunaijua. Kijana anakuja na bomba mgongoni, anapuliza godoro, nyufa za ukuta na uvungu wa kitanda, anapokea chake, huyo anakwenda. Usiku watoto wanalala humo humo. Kilichomo hakuna anayekijua, na pengine ni dawa ya shamba.

Shambani dawa hizo huvunjwavunjwa na jua, mvua na vijidudu vya udongoni. Chumbani hayo hayapo, hivyo sumu inaweza kukaa miezi mingi. Mtoto anayetambaa anaizoa sakafuni kwa viganja, kisha viganja mdomoni. Akitapika na kutokwa jasho, cha kwanza kushukiwa ni malaria.

Novemba 1996, katika kaunti ya Jackson, jimbo la Mississippi, Marekani, iligundulika kuwa methaili parathioni, dawa ya mashamba ya pamba, imepulizwa majumbani na watu wasio na leseni ili kuua mende. Wapulizaji walishtakiwa, lakini serikali haikuishia hapo. Ilipima kuta na mikojo ya wakazi, ikahamisha kwa muda watu zaidi ya 1,000, ikang'oa mazulia na kuta zilizonywa sumu.

Sisemi tuna mfuko wa Marekani. Ila hapa kwetu mpangaji akiambiwa chumba kina sumu, kodi ya miezi sita keshalipa, na mwenye nyumba hairudishi ng'o. Atabaki. Kumwambia afungue madirisha ni kumkebehi.

Sheria Na. 4 ya mwaka 2020 ilianzisha mamlaka yako, na kumkamata muuzaji ni kazi njema. Naomba pia, ukishirikiana na halmashauri, uweke utaratibu kwa anayelala kwenye sumu: wapimaji wa kuja nyumbani, mahali pa kujihifadhi wakati wa usafishaji, tukianza na wenye watoto wachanga na wajawazito, na agizo la kurudisha kodi isiyokaliwa. Chumba kilichobainika kisipangishwe tena kabla ya kupimwa upya, maana dalali hatamwambia mpangaji mpya.

Mpangaji,
Dar es Salaam