Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, 2025

Ndugu wanachama wa chama chetu cha waendesha baiskeli,

Nawasalimu nyote, mlioko Málaga, Granada na Sevilla, na ninyi mnaofunga safari kutoka London, Brussels na kwingineko kuja kupiga pedali pamoja nasi. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina mwenyewe, na kumbukumbu za vikao katibu ameshawatumia. Mimi nitazungumzia njia zenyewe za Andalusia, jimbo la kusini mwa Uhispania, zile za vumbi na changarawe zinazotukutanisha, kwa sababu mwaka huu nimezidi kuamini kwamba utulivu tunaoufuata huko una wenyewe, na sisi tunaupata kwa hisani yao.

Mwaka ulianza kwa matope. Mwezi Machi dhoruba zilifuatana mfululizo kusini mwa Uhispania, mito ikafurika, na udongo wa mfinyanzi wa mashamba ya mizeituni ukawa haupitiki. Asiyewahi kuukanyaga huwa haamini. Unakwenda hatua chache tu, udongo unajaa kati ya tairi na foki, ule uma unaoshika gurudumu, gurudumu linagoma, unabaki kuibeba baiskeli begani ikiwa na uzito maradufu. Kamati iliahirisha safari zote za mashambani hadi ardhi ikauke, na nawashukuru mlioelewa. Tairi likipita kwenye udongo laini huacha mfereji, na mvua inayofuata huukuta mfereji ule na kuuchimba zaidi. Mwenye trekta ndiye anayebaki na kazi ya kuufukia.

Badala yake tulikwenda Vía Verde de la Sierra, kati ya Puerto Serrano na Olvera, na kwa maoni yangu hapo ndipo kila mwanachama mpya angeanzia. Ni kilomita 36 za reli ambayo haikuwahi kupata treni. Ujenzi ulianza miaka ya 1920 kwa nia ya kuiunganisha Jerez na Almargen. Wafanyakazi wakatoboa mahandaki 30 na kusimamisha madaraja marefu manne juu ya mabonde, kisha kazi ikasimama, vikaja vita vya mwaka 1936, na mataruma hayakulazwa tena. Kwa miongo kadhaa mahandaki yale yalikaa bure. Mwaka 1993 Uhispania ilianzisha mpango wa Vías Verdes, wa kugeuza njia za reli zilizoachwa kuwa mapito ya watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na watu wa viti vya magurudumu, na leo nchi nzima ina zaidi ya kilomita 3,000 za njia hizo. Kwa kuwa mhandisi wa reli hukwepa mwinuko mkali, hata mwenye miguu isiyozoea hufika Olvera akiwa bado na pumzi ya kuzungumza.

Kuna mawili nataka mkumbuke kuhusu njia hiyo. La kwanza ni mahandaki. Refu kuliko yote linakaribia kilomita moja. Ukiingia kutoka kwenye jua la Andalusia macho hayaoni kitu, na mbele yako huenda yuko mzee na mjukuu wake wanatembea taratibu. Washa taa ukiwa bado nje, vaa kizibao cha kuakisi mwanga, punguza mwendo. Sheria ya barabarani inataka hivyo, na hata isingetaka, tungetakiwa kufanya hivyo.

La pili ni Peñón de Zaframagón, jabali linalosimama peke yake juu ya njia, makao ya tumbusi wengi mno. Asubuhi tuliyopita, jua lilikuwa limeanza kuupasha mwamba, na tumbusi mmoja akajitupa kutoka ukingoni akapita juu yetu chini kabisa, kiasi kwamba tulisikia upepo ukichanwa na manyoya ya mabawa yake. Mabawa yale yakikunjuliwa yanakaribia mita mbili na nusu. Hakuna aliyesema neno. Ndege hawa huzaa tangu majira ya baridi hadi kiangazi kinapoingia, na kelele zikizidi huweza kuacha kiota. Kwa hiyo spika za muziki zibaki nyumbani, na droni zisitajwe kabisa.

Majira ya kiangazi sitayasemea sana. Julai na Agosti joto la bondeni hupita nyuzi 40, na kuanzia 1 Juni hadi 15 Oktoba Andalusia nzima huwa katika kipindi cha hatari kubwa ya moto. Tulipanda mapema alfajiri, milimani tu, na hatukuwasha hata jiko dogo la chai. Nawapongeza kwa nidhamu hiyo.

Vuli ndiyo iliyonipa la kusema. Mwezi Novemba tulikuwa Sierra de Aracena, katika misitu ya mialoni ambamo nguruwe weusi wa Iberia huachiwa wajilishe matunda ya mialoni yanapoanguka. Mageti ya kule ni ya kienyeji: fremu ya miti na waya, linafungwa kwa kitanzi kinachovishwa juu ya nguzo. Lazima ulisukume kwa bega ndipo kitanzi kiingie. Kundi jingine la waendesha baiskeli lililotutangulia lilikuwa limepita na kuliacha geti wazi. Tulimkuta mfugaji amesimama katikati ya njia, mikono kiunoni, nusu ya nguruwe wake wakiwa wameshafika karibu na barabara ya lami. Alituona na helmeti zetu, akadhani ni sisi. Hatukubishana naye. Tuliegemeza baiskeli kwenye ukuta wa mawe na kuanza kuswaga, wengine wakiziba barabara, wengine wakizunguka vichakani, hadi jua lilipoanza kushuka. Mwishoni alitupa maji na kutushika mikono mmoja mmoja. Mwenzetu mmoja aliyekulia Kajiado ndiye aliyetuongoza siku ile, na nguruwe walimsikiliza kama vile angekuwa anachunga ng'ombe wa baba yake.

Naomba wanachama waelewe sheria inasemaje hapo. Njia nyingi tunazopita ni vías pecuarias, mapito ya kale ya mifugo. Mwaka 1273 mfalme Alfonso X aliwapa wafugaji wa Castilla haki zao kupitia chombo kilichoitwa Mesta, na kwa karne nyingi kondoo walihamishwa kwa mapito hayo kutoka malisho ya baridi kwenda ya kiangazi. Leo Sheria namba 3 ya mwaka 1995 inayalinda kama mali ya umma isiyouzika. Yamegawanywa kwa upana: cañada huweza kufika mita 75, cordel mita 37.5, vereda mita 20. Baiskeli inaruhusiwa, ila sheria imeweka wazi kwamba mifugo wakipita, kipaumbele ni chao. Wengi wenu mnatoka kwenye nchi ambako mapito ya mifugo yamelimwa au kujengwa, wafugaji na wakulima wakaishia mahakamani. Mnajua thamani ya mapito yaliyosalia. Kila mwendesha baiskeli anayeacha geti wazi anampa mwenye shamba sababu ya kutia kufuli.

Hali hiyohiyo iko kwenye zeituni. Vía Verde del Aceite, kilomita 128 kutoka Jaén hadi Puente Genil, imefuata reli ya zamani iliyosafirisha mafuta ya zeituni na madini tangu mwanzo wa miaka ya 1890 hadi miaka ya 1980. Madaraja yake ya chuma bado yanapitika, na ukisimama juu ya lile la mto Guadajoz unaona mizeituni imejipanga kwa mistari hadi upeo wa macho. Mkoa wa Jaén peke yake una mizeituni zaidi ya milioni 60. Ila ukiiacha reli na kuingia vijia vya mashambani kati ya Novemba na Januari, unaingia mahali pa kazi. Nyavu zimetandazwa chini, mashine inatikisa shina, zeituni zinamwagika kama mvua ya mawe, na trela linasubiri kwenda kwenye ushirika. Usipite juu ya wavu. Shuka, salimia, subiri uoneshwe pa kupita. Karibu na Martos wavunaji walituita tukae nao, wakatukatia mkate na kuumwagia mafuta mapya, ya kijani na makali yanayowasha kooni. Sijala kitu kizuri kuliko kile mwaka mzima.

Najua vijana wetu wana kiu ya mashindano, na nawaelewa. Migration Gravel Race imekuwa ikifanyika Kenya tangu 2021, Kigali imeandaa mashindano ya dunia ya barabara mwaka huu, ya kwanza kufanyika Afrika, na hapahapa tunapoishi kuna Badlands inayoanzia Granada na Clásica Jaén inayopita kwenye vumbi la mizeituni tangu 2022. Anayetaka kushindana ashindane, tutamshangilia. Ombi la kwamba chama chenyewe kiandae mbio, hata hivyo, kamati haikulikubali, nami ninaunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote. Mamia ya baiskeli kwenye vereda yenye mbuzi si jambo tunaloweza kulibeba.

Kamati inaleta hoja tatu mbele yenu. Tunaomba makundi ya safari yasizidi watu wanane, na wakizidi wagawanywe kwa nafasi ya nusu saa. Tunaomba mtu wa mwisho katika kila kundi awe na jukumu la mageti, akibaki nyuma hadi ahakikishe limefungwa, au limeachwa wazi kama lilivyokutwa wazi. Na tunaomba ratiba ya 2026 ifuate shughuli za mashambani: Jaén na Córdoba Aprili na Mei, milima ya Sierra Nevada Juni na Septemba, jangwa la Tabernas na Gorafe majira ya baridi, kwa sharti kwamba utabiri ukitaja mvua hatushuki kwenye makorongo, ambayo huko huitwa rambla. Maji hujaa humo ghafla, hata kama mvua imenyesha mbali.

Wajumbe wawili wa kamati wanamaliza muda wao na hawatagombea tena. Wamefanya kazi kubwa ya kuchora ramani zetu, ikiwemo kwenda ofisi za serikali za mitaa kuuliza ni njia ipi ya umma na ipi ya mtu binafsi. Tunahitaji wa kuwarithi, hasa mtu mwenye Kihispania kizuri na uvumilivu wa foleni. Fomu za kugombea ziko kwa katibu, na zirudishwe kabla ya siku ya Mkutano Mkuu.

Wenu,
Mwenyekiti