Barua ya wazi kwa Waziri wa Barabara na Uchukuzi: Mount Gelai inahitaji wanafunzi

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu injini mbili za mvuke zilizolala kwenye Makumbusho ya Reli, Nairobi: namba 5918, Mount Gelai, na namba 5930, Mount Shengena. Siombi pesa za rangi. Rangi inaweza kungoja.

Injini za aina hii zilikuwa 34. Kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester ilizitengeneza mwaka 1955 na 1956 kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki, zikapewa majina ya milima yetu. Kila moja ina uzito wa tani 252 hivi, na kwenye reli ya upana wa mita moja haijawahi kutembea injini ya mvuke yenye nguvu kuzishinda, popote duniani. Zilitoka Mombasa na mzigo wa tani 1,200 zikaupandisha hadi Nairobi, kilomita 530. Mount Kenya na Mount Kilimanjaro ziliishia kuwa chuma chakavu. Zilizobaki zina majina ya milima ambayo Wakenya wengi hatuwezi kuionyesha kwenye ramani, maana yote miwili iko Tanzania. Hunichekesha kila nikipita pale.

Mgeni akiiona Garratt, maana ndiyo aina yake, hudhani ni injini mbili zilizogandana. Hajakosea sana. Boila moja imebebwa katikati kama mgonjwa kwenye machela, na wabebaji ni seti mbili za magurudumu na silinda: moja mbele chini ya tanki la maji, nyingine nyuma chini ya tanki la mafuta. Kwa kuwa chini ya boila hakuna magurudumu, inaweza kunenepa, na tanuri likawa pana na la kina. Kila seti nayo hugeuka peke yake, ndiyo maana jitu la mita zaidi ya 30 liliweza kupinda kona za reli nyembamba bila kung'oa mataruma. Herbert William Garratt aliliombea wazo hili hataza, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1907. Mimi sijaona werevu kama huo kwenye dizeli yoyote, na sitajifanya sina upendeleo.

Sasa ombi lenyewe. Injini ya aina hii haiwashwi kwa kitabu peke yake. Boila baridi ukiichochea kwa pupa, chuma hutanuka bila kulingana na mabomba yake huanza kuvuja. Maji yakishuka chini ya paa la tanuri, bati hulegea kwa joto na boila inaweza kupasuka na kuua. Mchochezi wa moto husoma rangi ya moshi, dereva husikiliza pumzi ya silinda. Maarifa hayo yamo mikononi na masikioni mwa watu, na watu hao wanaondoka. Kazi ya injini hizi iliisha karibu na mwaka 1980. Aliyekuwa na miaka 25 wakati huo sasa amepita 70.

Kule Wales, reli ya Ffestiniog, yenye upana usiofika hata sentimita 60, haikuruhusu mnyororo huo wa maarifa ukatike. Mwaka 1992 karakana yake ya Boston Lodge ilitoa injini mpya kabisa ya mvuke, David Lloyd George. Mpya, Mheshimiwa, si ya kufufuliwa.

Naomba wazee wetu waitwe mwaka huu, walipwe kama walimu katika Chuo cha Mafunzo ya Reli, wapewe vijana kumi na wawili. Waanze na injini ndogo kama 3020, Nyaturu, chini ya mkaguzi wa boila. Mount Gelai iliwahi kufufuliwa baada ya kustaafu, kwa hiyo inajulikana kuwa inawezekana. Lakini uamuzi wa kuiwasha tena uje baadaye, vijana wakishaiva. Utaambiwa reli mpya, SGR, ndiyo kesho yetu. Sawa, na mizigo iliyohamia huko tangu 2018 imeacha nafasi kwenye reli ya zamani.

Niko tayari kuja ofisini kwako pamoja na mzee mmoja aliyeziendesha. Ukitupa nafasi, tafadhali iwe asubuhi, na chumba kiwe cha chini: magoti yake na ngazi hayapatani.

Wako,
Mpenzi wa reli ya mita moja, Nairobi